Jiko la Mkaa Lisilale Chumbani

Mama msomaji, miezi ya Juni na Julai usiku wa Tabora huwa na baridi kali. Je, nawe ukimaliza kupika huingiza jiko la mkaa chumbani ili watoto wapate joto, kisha ukafunga mlango na dirisha? Kama ndivyo, acha leo.

Mkaa uliokolea hautoi moshi, lakini hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ikiingia mwilini huchukua nafasi ya oksijeni katika damu, na aliyelala huenda asiamke. Mama mjamzito humdhuru hata aliye tumboni. Mtu akiumwa kichwa, akisikia kizunguzungu au kichefuchefu, mtoeni nje upesi na kumpeleka hospitali.

Moshi wa kuni nao huua, ila polepole. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani. Zaidi ya 237,000 kati yao ni watoto wa chini ya miaka 5.

Basi tupate wapi joto? Wazee walijua. Kule Kwihara, kwenye njia ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji, ipo nyumba ya tembe alimokaa Dk. Livingstone mwaka 1872. Sasa ni makumbusho. Kuta nene za udongo hupokea joto la jua mchana na kulitoa taratibu usiku. Kwa hiyo:

– Ziba nyufa za kuta kwa udongo, lakini acha tundu la hewa juu, karibu na dari.
– Walaze watoto na mablanketi ya kutosha. Jiko libaki nje.
– Jikoni toboeni dirisha mkabala na mlango, moshi upate njia.
– Tumia kuni kavu zilizopasuliwa, loweka maharage tangu jana yake, na funika sufuria. Kuni zitapungua, na moshi pia.

Serikali imepanga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Hadi gesi ikufikie, dirisha la jikoni lisisubiri. Zungumza na baba watoto, mpange pamoja fedha za fundi. Gharama yake haifanani na ya kumuuguza mtoto kifua kila mwezi.