Wachumba na Kipimo cha Virusi vya UKIMWI

Wachumba wa Daudi, wilayani Mbulu, wafikapo kwa mchungaji kuandikisha ndoa, hutupasa kuwaeleza lini na jinsi gani wapime.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hudai taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa. Muda huo hautoshi. Kipimo cha haraka cha tone la damu hakitafuti virusi vyenyewe, bali kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi yake, nazo huweza kuchelewa kuonekana hata siku 90 tangu maambukizi. Kwa hiyo wachumba na wapime mapema. Na aliyejihatarisha karibuni arudie baada ya miezi mitatu. Ikiwa saa 72 hazijapita, aende kituo cha afya mara moja apewe dawa za kinga.

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, mtu aweza pia kujipima mwenyewe. Majibu yakionyesha maambukizi, sharti yathibitishwe kituoni.

Nasi wachungaji tukumbuke kwamba Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 hukataza kumshurutisha mtu kupima, na majibu ni siri yake. Wala majibu si hukumu ya kuvunja uchumba: atumiaye dawa kwa uaminifu hata virusi visionekane tena katika vipimo vya damu, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Basi tuwashauri kwa upendo, tusiwatishe.