Fedha ya Chuo Ikae Mkononi mwa Nani?

Kadi ya mchango ikiingia duka la vitenge Mtaa wa Kongo, mwenye duka haisomi yote. Anatafuta mambo mawili: mweka hazina ni nani, na shughuli ni lini. Akimfahamu mweka hazina, anaandika ahadi yake. Asipomfahamu, kadi inalala chini ya mashine ya risiti, EFD, mpaka shughuli ipite. Kwa utaratibu huo Kariakoo imeoza watoto, imezika wazee, imejenga misikiti na makanisa, na hakuna aliyehitaji sheria ya Bunge kufanya hivyo.

Kadi ikitoka chuo cha umma, mambo yanabadilika. Kamati ya harusi huvunjwa Jumatatu baada ya sherehe, mahesabu yakisomwa na salio likinywewa soda. Chuo hakina Jumamosi yake. Mahitaji yake hayaishi, na mweka hazina wake ni ofisa ambaye mwakani anaweza kuhamishiwa Dodoma. Mwenye duka anabaki na swali ambalo wakuu wa vyuo vyetu wamelijibu kwa kusitasita: fedha hii atashika nani, na atakayekuja baada yake ataifanyia nini?

Swali si geni katika eneo hili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe kilianza kwa kuazimwa paa. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, wanafunzi wasiofika 20 wa Kitivo cha Sheria walianza masomo katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, jirani na Mnazi Mmoja, chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha London. Mlimani, kilipo chuo hadi leo, walihamia 1964. Na mwaka huohuo wa 1961, ng'ambo ya bandari upande wa Kigamboni, kilifunguliwa Chuo cha Kivukoni, ambacho nyuma yake kulikuwa na chombo cha kuchangisha hasa: Mfuko wa Amana ya Elimu Tanganyika. Joan Wicken, Mwingereza ambaye baadaye alikuwa msaidizi wa Mwalimu Nyerere kwa miaka mingi, alifanya kazi ya kuutafutia mfuko huo fedha na kukiandaa chuo.

Kivukoni kilikusudiwa kuwa chuo cha watu wazima, kwa mfano wa Ruskin College ya Oxford, ambako mfanyakazi na kiongozi wa ushirika wangesoma bila kuulizwa cheti. Miaka kumi baadaye kikawa chuo cha itikadi cha TANU. Vyama vingi viliporudi 1992 kikabadilika tena, na kwa sheria ya 2005 kikawa Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, chuo cha umma kinachotoa vyeti mpaka shahada. Silaumu mageuzi hayo. Kila moja lilikuwa na sababu yake. Lakini jiweke katika nafasi ya aliyechanga 1960. Alitoa kwa ajili ya jambo moja, na katika umri wake akaliona likigeuka mara tatu. Hati ya mfuko wowote wa chuo inapaswa kuwa na kifungu kinachosema chuo kikibadilika jina, kikiunganishwa au kikibadilishiwa kazi, fedha itafuata nini: jengo, kozi, au aina ya mwanafunzi. Mawakili hukiandika kifungu hicho kwa haraka, mwishoni, wakati kila mtu anataka kusaini na kupiga picha.

Nairobi walifanya vingine. Baada ya Gandhi kuuawa 1948, Wahindi wa Afrika Mashariki walichangishana kwa ajili ya chuo cha kumbukumbu yake. Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa inajenga Chuo cha Ufundi cha Kifalme. Mwaka 1954 pande mbili zikakubaliana kuunganisha nguvu, na jumuiya ya wachangaji haikutoa fedha zake hivihivi: iliingia makubaliano ya maandishi. Chuo kile leo ni Chuo Kikuu cha Nairobi. Mkoloni ameondoka, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilichokuwa mlezi wake kimevunjwa tangu 1970, lakini jina la Gandhi bado lipo kwenye maktaba ya chuo. Karatasi ile ilidumu kuliko serikali iliyoisaini.

Sasa, chombo. Mtu akitaka kuchangia chuo cha umma leo, zipo njia mbili. Ya kwanza ni kukipa chuo chenyewe. Utapewa kontroo namba, utalipa, na fedha itaingia kwenye mfumo wa Serikali kama mapato mengine. Njia hii ina heshima yake: Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, CAG, ataisoma. Ila kuanzia dakika hiyo mchango wako ni fedha ya umma, unafuata bajeti, unafuata taratibu za manunuzi, na unashindana na deni la umeme. Mkuu wa chuo ambaye mabweni yake yanavuja hawezi kulaumiwa akiutazama mfuko wa ufadhili wa mwaka 2040 kwa jicho la leo.

Njia ya pili ni kuanzisha chombo kinachosimama kando. Kinaweza kuwa bodi ya wadhamini iliyosajiliwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, yenye lakiri yake na haki ya kumiliki mali kwa jina lake hata wadhamini wakifa. Zamani wengi walikimbilia kampuni isiyo na hisa, ile ya dhamana, kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, ambayo kwa miaka mingi tuliifuata palepale Lumumba, jengo la Ushirika. Tangu marekebisho ya sheria ya 2019, kampuni za namna hiyo zinazofanya kazi za hisani zinatakiwa ziwe chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, kwa hiyo anayeanza leo aulize kwanza kwa msajili kabla hajachapisha barua zenye nembo.

Marekani njia hii ya pili ndiyo desturi. Chuo Kikuu cha Kansas, cha umma, kina taasisi ya namna hiyo tangu 1891, ya kwanza kwa chuo cha umma nchini humo. Na sisi tusijifanye wageni wa wazo lenyewe. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kule Zanzibar inafanya kazi juu ya kanuni ambayo kila mzee wa Kariakoo anaijua: nyumba haiuzwi, kodi ndiyo inayoliwa, na anayeila ni yule tu aliyetajwa na mwenye kuweka wakfu. Chuo cha Al-Qarawiyyin cha Fez, Morocco, kilichoanzishwa 859, kimelishwa kwa wakfu karne kwa karne.

Kwangu mimi njia ya pili ndiyo bora, kwa sababu moja. Fedha iliyowekwa kwa ajili ya kesho isikae mkononi mwa mtu mwenye shida nayo leo. Lakini chombo kilichosimama kando kinaweza pia kusimama gizani. CAG anaweza asikifikie, Bunge lisikijue, na wadhamini wakawa marafiki watano wanaokutana hotelini. Kwa hiyo nguvu yote ipelekwe kwenye bodi.

Mkuu wa chuo awemo kwenye bodi, kwani bila yeye wadhamini hawatajua chuo kinahitaji nini. Asiwe mwenyekiti. Nimeona bodi ambamo mkuu wa chuo aliongoza kikao, akaleta ombi la chuo, kisha akaliidhinisha yeye mwenyewe, na katibu aliyeandika mihtasari alikuwa mtumishi wake. Kila kitu kilikuwa halali. Hakuna aliyeiba hata shilingi. Fedha ya ufadhili ilikwenda kwenye magari, na magari yalihitajika kweli.

Wahitimu nao wapewe viti, tena kwa muda uliowekwa. Wafanyabiashara wanafaa sana, maana wanajua bei na hawaogopi kusema hapana, ila hapa ndipo penye mtego wa mjini. Mdhamini mwenye duka la vifaa vya ujenzi eneo la Gerezani atashawishika kuuza saruji ya bweni ambalo mfuko unalijenga, na pengine saruji yake ndiyo ya bei nafuu kuliko zote. Haijalishi. Aitangaze biashara yake kwa maandishi, atoke chumbani wenzake wanapoamua, na kutoka kwake kuandikwe kwenye mihtasari pamoja na saa. Anayeona hilo ni kumdhalilisha hajawahi kusoma mihtasari yake ikisomwa mahakamani.

Mali isiyo fedha ndiyo huwaponza wengi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliingia mkataba na Mlimani Holdings, kampuni tanzu ya Turnstar ya Botswana, kuendeleza sehemu ya ardhi yake ambayo leo ni Mlimani City. Chuo kilipangiwa kupata asilimia 10 ya mapato ya upangishaji. Kwa miaka kadhaa ukaguzi wa CAG na kamati za Bunge zimehoji masharti ya mkataba ule. Sidhani kwamba maprofesa wale walikosa akili; kufundisha sheria ya mikataba na kukaa meza moja na mwekezaji aliyejenga maduka makubwa nchi nyingine ni kazi mbili tofauti. Ardhi ya chuo ni urithi, na mazungumzo juu ya urithi yanahitaji watu ambao kazi yao ni hiyo tu.

Zawadi ya jengo ina gharama zake pia. Maktaba mpya ya Mlimani, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa Novemba 2018, inaweza kuchukua wasomaji 6,000 kwa wakati mmoja. Ni fahari. Viyoyozi vyake, lifti zake na taa zake ni vya kulipiwa kila mwezi, na bili hiyo haitumwi Beijing. Mfuko makini hupokea jengo pamoja na fungu la kulitunza, au haulipokei.

Tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo ahadi nyingi zinapofia. Tuseme wahitimu wa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, au Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, vyuo viwili vilivyo kwenye Barabara ya Bibi Titi Mohamed, dakika chache kwa miguu kutoka sokoni, wamechanga Sh milioni 200 na kuziweka kwenye hati fungani za Serikali kwa riba ya asilimia 12. Mwaka unaleta Sh milioni 24. Kishawishi ni kuzigawa zote. Lakini bei zikipanda asilimia 4 kwa mwaka, Sh milioni 8 lazima zirudi kwenye mtaji, la sivyo mfuko unajila wenyewe polepole. Zinabaki 16. Ondoa milioni 1 ya mkaguzi na uendeshaji, ni kiasi kidogo sana, na kitatosha tu ikiwa wadhamini hawajilipi posho. Kwa ada ya Sh milioni 1.5, wanafunzi kumi wanasoma. Kumi tu, kwa milioni mia mbili. Ila ni kumi mwaka huu na kumi mwaka 2050, bila kadi nyingine kupita dukani.

Riba nayo haikai mahali pamoja. Hati fungani ya miaka 25 ilipoanza kuuzwa 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95, mwaka uliofuata hati mpya za muda huo zilishuka hadi 12.56. Aliyenunua mapema aliendelea kula riba yake ya zamani, lakini mfuko ulioahidi ufadhili kwa hesabu ya 15.95, huku michango mipya ikiingia kwa riba ya chini, ulijikuta una wanafunzi wengi kuliko fedha. Dawa yake inajulikana: kiasi cha kutumia kipangwe kwa wastani wa miaka mitatu, kisipangwe kwa mwaka mnono.

Kuhusu kodi, sheria inamfaa mchangiaji kuliko anavyodhani. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, mchango kwa taasisi ya hisani hupunguzwa kwenye mapato ya biashara yanayotozwa kodi, lakini kwa kikomo cha asilimia 2 ya mapato hayo. Mchango unaotolewa kwa mujibu wa Sheria ya Mfuko wa Elimu ya 2001, ile iliyoanzisha Mamlaka ya Elimu Tanzania, TEA, haufungwi na kikomo hicho. Kwa mfanyabiashara mkubwa tofauti hiyo ni fedha nyingi, na mfuko wa chuo unaojipanga vizuri utazungumza na TEA kabla haujaanza kuchangisha. Kwa muuza duka mdogo anayelipa kodi ya makadirio nafuu hiyo haipo, kwa kuwa kodi yake hupigwa kwenye mauzo, na hakuna gharama inayopunguzwa. Asidanganywe kwamba ipo.

Na kuna jambo ambalo husikii kwenye hafla za uchangishaji. Mtu wa Kariakoo anaogopa kutajwa. Akitoa Sh milioni 50 mbele ya kamera, kesho yake atawaza nani aliyekuwa anatazama, na mauzo gani aliyokuwa ameyatangaza. Wengine huomba watoe kimyakimya, fedha taslimu, kwenye bahasha ya kaki. Mfuko wa chuo unapokutana na kaki hiyo unakutana pia na Sheria ya Kudhibiti Utakasishaji wa Fedha Haramu ya 2006, na wadhamini hawawezi kusema hawakuuliza. Aibu ya mtoaji inaweza kulindwa bila kuvunja sheria. Kila mchango mkubwa upite benki. Mkaguzi wa nje aone majina yote na chanzo cha fedha. Ripoti ya kila mwaka, inayochapishwa gazetini, ionyeshe kiasi, masharti yaliyoambatana nacho, na jina kwa yule tu aliyekubali. Anayetaka jina lake lisionwe hata na mkaguzi arudishiwe kaki yake siku hiyohiyo, mbele ya mashahidi wawili, na kurudishwa huko kuandikwe.