UKAGUZI WA VIWANJA VYA KUCHEZEA WATOTO

Katika maongezi yetu ya leo twapenda kueleza jinsi viwanja vya kuchezea watoto vinavyokaguliwa katika mji mkubwa, na jinsi mwenyeji wa mji awezavyo kuarifu hatari aliyoiona. Tumeuchagua mji wa New York, katika Marekani. Huko, mwaka 1903, ulifunguliwa uwanja wa Seward Park, uwanja wa kwanza katika nchi ile kujengwa na serikali ya mji uwe mahali pa kudumu pa watoto kuchezea. Kabla ya hapo watoto wa mtaa ule waliosongamana majumbani hawakuwa na mahali pengi pa kuchezea ila barabarani. Leo viwanja vya watoto mjini humo vyapata 1,000.

Huenda msikilizaji akauliza: Je, mchezo wa watoto wahitaji mkaguzi? Naam, wahitaji. Katika Marekani nzima, kila mwaka watoto zaidi ya 200,000 hupelekwa hospitali kwa haraka kwa sababu ya maumivu waliyoyapata katika viwanja vya kuchezea, na wengi wao wameumia kwa kuanguka. Sisi wazazi twaogopa urefu wa pembea na ngazi. Lakini mkaguzi ajuaye kazi yake hutazama kwanza chini, mahali mtoto atakapoangukia.

Chukua mayai mawili. Moja liangushe juu ya jiwe, na la pili, kwa urefu ule ule, liangushe juu ya chungu ya pumba. La kwanza litapasuka. La pili huenda likasalimika. Urefu ni mmoja, ila jiwe limelisimamisha yai mara moja, na pumba zimelisimamisha polepole. Ndivyo kilivyo kichwa cha mtoto. Kwa hiyo sakafu ya saruji au ya lami haifai kabisa kuwa chini ya chombo cha kupanda. Hata majani na udongo havifai, maana hukanyagwa vikawa vigumu. Wataalamu wa Marekani wamepima wakaona kwamba vipande vidogo vya mbao, vikilala kwa kina cha inchi 9, vyamkinga mtoto aangukaye kutoka futi 10. Bali mchanga wa kina hicho hicho wamkinga kwa futi 4 tu. Tena kina hicho hakikai. Watoto huparuza kwa miguu chini ya pembea kila siku, hata pakawa shimo, na saruji iliyoshika nguzo ikatokeza. Basi uwanja uliokuwa salama mwezi uliopita huenda usiwe salama leo, ingawa hakuna kitu kilichovunjika.

Hatari ya pili ni nafasi. Kichwa cha mtoto mdogo ni kikubwa kwa kadiri ya mwili wake. Hupenyeza miguu katikati ya vyuma vya ukingo, kisha kiuno, kisha kifua. Mwili ukapita, kichwa kikakwama, naye akabaki ananing'inia kwa shingo, wala miguu haifiki chini. Nafasi isiyofika inchi 3 na nusu haipitishi mwili. Nafasi izidiyo inchi 9 hupitisha na kichwa pia. Iliyo kati ya hizo mbili ndiyo mtego. Kwa hiyo mkaguzi huwa na vibao viwili, kimoja kwa kipimo cha kifua cha mtoto mdogo, na kimoja kwa kipimo cha kichwa cha mtoto mkubwa. Kibao cha kifua kikipita na cha kichwa kikakataa, nafasi hiyo yapasa kurekebishwa.

Hutazama pia mambo madogo ambayo mpita njia hayaoni. Kulabu ishikayo mnyororo wa pembea yapasa kufungwa hata nafasi yake isizidi unene wa sarafu ndogo, isije ikanasa nguo au kuuachia mnyororo. Msumari uliotokeza juu ya mteremko wa kuteleza waweza kunasa kamba ya kofia ya koti, na kamba hiyo ikamkaba mtoto. Mteremko wa chuma uliopigwa na jua huunguza ngozi.

Idara ya bustani ya New York huwapeleka wakaguzi wake viwanjani. Hutazama vyombo vya kuchezea na ardhi iliyo chini yake, na pia njia, ua, viti, miti na usafi. Kisha huandika kama mahali pale panafaa au hapafai. Hukumu hiyo haifichwi, bali hutangazwa, kila mtu apate kuisoma.

Lakini mkaguzi hawezi kuwa kila mahali kila siku. Mnyororo waweza kukatika kesho yake baada ya yeye kuondoka. Ndiyo maana tangu mwaka 2003 mji ule una nambari moja ya simu, 311, kwa mambo yasiyo ya dharura. Mwenyeji hupiga simu, na asiyejua Kiingereza hupatiwa mkalimani. Malalamiko yake huandikwa na kupewa nambari, ili baadaye aulize yamefikia wapi.

Habari hiyo yapasa kuwa kamili. Asemaye, "Uwanja wetu ni mbaya," hamsaidii fundi. Aseme jina la uwanja na barabara iliyo karibu. Ni chombo gani, na kiko upande gani. Kuna kasoro gani, na aliiona lini. Kisha awazuie watoto wasikikaribie chombo kile. Adui mkubwa wa kazi hii ni mawazo ya kwamba mwingine amekwisha sema. Watu hamsini wakipita penye mnyororo uliolika, na kila mmoja akawaza hivyo, hakuna aliyesema. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na huku hatari ni kubwa kuliko ukuta.

Nasi vijijini, ingawa hatuna vibao wala nambari ya simu ya namna hiyo, tuna pembea ya kamba mwembeni na milingoti ya goli shuleni. Tuitazame kamba mahali inaposuguana na tawi, maana hapo ndipo inapolika. Tulitikise goli tuone kama limesimama imara. Tuondoe mawe na visiki chini. Na mwanafunzi aonaye kasoro amwambie mwalimu siku ile ile. Naye mwalimu aiandike, amtaje atakayeitengeneza, na asiruhusu mchezo pale mpaka kazi iishe.