Dashibodi ya Vifaa: Tazama Tarehe Kabla ya Rangi

Tarehe 12 Mei 2017, kirusi cha kompyuta kiitwacho WannaCry kilizikumba hospitali za umma nchini Uingereza. Wagonjwa wa dharura walipelekwa kwingine, na miadi inayokadiriwa kuzidi 19,000 ikafutwa. Sasisho la kuzuia shambulio hilo lilikuwa limetolewa na Microsoft tangu mwezi Machi, lakini kompyuta nyingi zilizoathirika hazikuwa zimewekewa.

Pengo la namna hiyo hubainika katika dashibodi ya programu ya kusimamia vifaa. Kwa kila kompyuta, dashibodi huonyesha mtumiaji, toleo la mfumo endeshi, masasisho yanayosubiri na hali ya kinga dhidi ya virusi.

Hata hivyo, cha kutazamwa kwanza ni tarehe ya mawasiliano ya mwisho. Kompyuta ya maabara iliyokosa mtandao kwa wiki tatu huweza kuendelea kuonyeshwa kwa rangi ya kijani, kwa kuwa dashibodi hushikilia taarifa ya mwisho iliyopokea. Shinikizo la damu lililopimwa mwezi uliopita halitoshi kuamua tiba ya leo.

Mhudumu wa afya asiahirishe kuwasha upya kompyuta inayodai sasisho. Mgonjwa anasubiri majibu yaliyomo ndani yake.