Kigoma-Ujiji Ilipoketi Meza Moja na Paris: Maana ya Serikali ya Uwazi

Mwaka 2016 Manispaa ya Kigoma-Ujiji ilichaguliwa kuwa miongoni mwa serikali 15 za ngazi ya chini ya taifa, duniani kote, zilizofungua njia katika Mpango wa Uendeshaji wa Shughuli za Serikali kwa Uwazi. Majina mengine katika orodha hiyo yalikuwa Paris, Madrid, Seoul, São Paulo, Buenos Aires. Kutoka Afrika tulikuwa watatu tu: Kigoma-Ujiji, Elgeyo Marakwet ya Kenya, na Sekondi-Takoradi ya Ghana. Wengi wetu tunaosoma falsafa leo tulikuwa sekondari wakati huo, na habari hiyo ilitupita kama mtumbwi usiku. Hata sasa, ukiuliza pale mwaloni Kibirizi au sokoni Ujiji, ni wachache watakaokueleza kwamba mji wao uliwahi kuhesabiwa hivyo.

Mpango wenyewe ulianza mwaka 2011 ukiwa na nchi nane, na Tanzania ikaomba kujiunga mwaka huohuo. Utaratibu wake ni rahisi kueleza. Serikali inakaa na wananchi na asasi zao, inaandika ahadi chache zinazopimika, inazitangaza, kisha mtu wa nje anakagua kama zimetimizwa. Hakuna fedha nyingi zinazogawiwa. Kinachotakiwa ni kukubali kuulizwa maswali. Nchi yetu ilifika mbali kiasi cha kuwa mwenyeji wa mkutano wa Afrika wa mpango huo, Dar es Salaam, Mei 2015.

Mwaka 2017 Serikali ya Tanzania ilijitoa. Na kwa kuwa manispaa haiwezi kubaki katika mpango ambao taifa lake limeuacha, Kigoma-Ujiji nayo ikatoka, ikiwa bado changa kabisa katika kazi hiyo.

Hapa sisi wanafunzi wa falsafa tunaona swali ambalo Mafundisho Jamii ya Kanisa yamelishughulikia tangu zamani. Papa Pius XI, katika waraka Quadragesimo Anno wa mwaka 1931, alieleza kanuni tunayoiita kanuni ya auni: kile ambacho jumuiya ndogo inaweza kukifanya yenyewe, jumuiya kubwa isikichukue, bali iisaidie pale inaposhindwa. Kufungua daftari la mapato ya manispaa kwa watu wa manispaa ni jambo dogo la nyumbani. Halihatarishi mpaka wa nchi, wala halimgusi jirani wa Burundi au Kongo. Kwa maoni yetu, hata kama taifa lilikuwa na sababu zake za kuondoka, mji ulistahili kuachiwa nafasi ya kuendelea na mazoea yale kwa jina lolote lile.

Lakini kwa nini tuhangaike na uwazi? Je, demokrasia si kura? Tunapiga kura kila miaka mitano, basi.

Kigoma yenyewe ina jibu, na ni jibu la mahakama. Mwaka 1994 ulifanyika uchaguzi mdogo wa ubunge katika jimbo la Kigoma Mjini, mfumo wa vyama vingi ukiwa haujamaliza hata miaka miwili tangu sheria yake ianze kutumika Julai 1992. Mgombea wa CCM alitangazwa mshindi. Mgombea wa CHADEMA, Dk. Aman Walid Kabourou, alikwenda mahakamani. Kati ya malalamiko yake, moja lilihusu redio: kwamba Redio Tanzania, chombo cha umma, ilitangaza habari za kampeni kwa kumpendelea mgombea wa chama tawala. Mahakama Kuu ilibatilisha uchaguzi ule. Serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba redio ya umma ilikuwa na upendeleo, na matokeo yakabaki yamefutwa. Hukumu hiyo inasomwa na wanafunzi wa sheria hadi leo. Katika uchaguzi mkuu wa 1995 Dk. Kabourou akaingia bungeni.

Tusiipite kesi hii haraka, kwa sababu ndani yake mna hoja nzito ya kifalsafa. Karatasi za kura zilikuwepo na masanduku yalikuwepo. Watu walipanga foleni, wakachagua, wakahesabiwa. Hata hivyo majaji waliona kwamba uhuru wa uchaguzi hauanzii kwenye sanduku. Unaanzia masikioni. Mtu aliyesikilizishwa upande mmoja tu, tena na redio anayoilipia kwa kodi yake, hajachagua kwa uhuru kamili hata kama mkono wake haukushikwa na mtu. Mtakatifu Thoma wa Akwino angetuambia kwamba utashi hufuata kile ambacho akili imekionyesha kuwa chema. Ukiificha akili ukweli, umeufunga utashi bila kutumia kamba. Papa Yohane XXIII naye, katika Pacem in Terris ya mwaka 1963, alihesabu haki ya kupata habari za kweli kuhusu mambo ya umma kuwa mojawapo ya haki za binadamu. Katiba yetu, ibara ya 18, inasema jambo lililo karibu sana na hilo.

Wapo wanaosema, na si watu wabaya, kwamba serikali kama familia haiwezi kuanika kila kitu barazani. Ni kweli. Padre hasemi aliyoyasikia kitubioni, na jeshi halitangazi lilipo. Tofauti tutaijuaje? Immanuel Kant alipendekeza kipimo mwaka 1795, nasi tunakiona kinafaa: tendo linalogusa haki za wengine, ikiwa haliwezi kufanyika isipokuwa watu wasijue nia yake, basi si la haki. Siri ya kitubio inapita kipimo hiki, kwa sababu kila mwamini anaijua kanuni yake na anaitaka iwepo. Mkataba ambao ungevunjika siku wananchi wakiusoma haupiti.

Tuchukue mfano wa karibu. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa ili samaki na dagaa wapate kuzaliana. Uamuzi ulitokana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Huenda ulikuwa uamuzi wa busara. Lakini kwa mwenye kipe na karabai, kwa mama anayeanika dagaa Katonga, miezi mitatu ni ada ya shule na ni chakula. Watu wa namna hiyo wanahitaji kuonyeshwa hesabu iliyofanya ziwa lifungwe, na baada ya kufunguliwa, waonyeshwe kama samaki wameongezeka kweli. Anayeelezwa sababu huwa mlinzi wa ziwa. Asiyeelezwa huwa mkimbizwaji tu wa boti za doria.

Na kuna jambo zito zaidi, ambalo hatuwezi kuliruka kana kwamba tunaishi nchi nyingine. Siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 29 Oktoba 2025, kulizuka maandamano na watu wakauawa, na intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Novemba Rais aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Katika jumuiya ndogondogo tumesali kwa ajili ya marehemu wa siku zile. Kwa familia iliyofiwa, uwazi ni kujua mpendwa wao alikufaje, mwili wake uko wapi, na nani atawajibika. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Centesimus Annus ya mwaka 1991, aliithamini demokrasia kwa sababu inawapa raia nafasi ya kuwachagua watawala wao na kuwawajibisha. Kuwajibisha bila kujua hakuwezekani.

Matumaini yetu basi ni yapi? Tungependa mchakato wa Katiba mpya, uliosimama baada ya kura ya maoni ya 30 Aprili 2015 kuahirishwa, urudi ukiwa na sikio kwa yale wananchi waliyoyaeleza mbele ya Tume ya Jaji Warioba. Tungependa matokeo ya urais yaweze kuhojiwa mahakamani, jambo ambalo ibara ya 41 ya Katiba inalizuia mpaka sasa, ingawa lile la ubunge wa Kigoma Mjini liliwezekana. Na tungependa nchi irudi katika ule mpango wa uwazi, ili mji wetu nao urudi.

Hayo yako Dodoma. Yaliyo karibu ni haya. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 bado ipo: raia anaandika barua kwa ofisi ya umma akiomba taarifa fulani, na ofisi inapaswa kumjibu ndani ya siku 30. (Sheria inasema raia, na mkoa wetu wa mpakani unajua uzito wa neno hilo.) Kijijini, mkutano mkuu unapaswa kufanyika kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Wakatekista na wenyeviti wa jumuiya wengi huhudhuria mikutano hiyo, maana ndio wanaojua kusoma hesabu na hawaogopi kusimama mbele za watu. Likizo ijayo, tutakaporudi Kasulu, Kibondo, Kakonko, Buhigwe, Uvinza na kwingineko, tumekubaliana kwamba kila mmoja wetu aulizie tarehe ya mkutano wa kijijini kwao, aende, akae nyuma na kalamu, na kama hesabu hazikusomwa, anyooshe mkono aombe zisomwe.