Vifuniko vya Soda na Daftari la Mangi

Paukwa? Pakawa! Sogeeni karibu, wanangu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina mashine ya kutolea pesa.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 29 Juni 2015. Watu wa Athens, mji mkuu wa Ugiriki, waliamka wakakuta benki zimefungwa. Haikuwa sikukuu. Watu walikuwa wamechota akiba zao kwa pupa hadi benki zikakaribia kukauka, ndipo serikali ikafunga milango. Mashine zilipowashwa tena, sharti lilikuwa moja: kila kadi euro 60 kwa siku, basi. Foleni zikapinda kona. Noti za 20 zikaadimika, mashine nyingine zikawa zinatema noti moja ya 50, na zile 10 zilizobaki ukazihesabie moyoni. Wastaafu wasio na kadi walifunguliwa baadhi ya matawi siku ya Jumatano, kila mmoja akapewa euro 120 za kula wiki nzima.

Nchi ilifikaje hapo? Tuanzie mtaani kwetu.

Tuseme nyumba kadhaa zimekubaliana kutumia pesa moja. Hakuna nyumba inayojichapia yake; mwenye kauli ni mzee mmoja wa mtaa. Hiyo ndiyo euro, na mzee mwenyewe ni Benki Kuu ya Ulaya, iliyoko Frankfurt, Ujerumani. Noti za euro ziliposhikwa mkononi Januari 2002, Wagiriki waliiaga drakma yao, drakma 340.75 kwa euro moja.

Mwanzoni ilikuwa neema tupu. Zamani, mtu akiikopesha Ugiriki alidai riba kubwa, maana alihofia drakma itashuka thamani kabla hajalipwa. Sasa akaona nyumba zote zina pesa moja, akadhani zote zina uwezo mmoja. Riba ikashuka hadi ikawa karibu sawa na ya Ujerumani. Nanyi mnajua, mangi mwenye duka akishafungua daftari la madeni na kusema "chukua tu, utalipa," ni wachache wanaorudisha mkono.

Lakini kukopa harusi, kulipa matanga. Oktoba 2009 iliingia serikali mpya ya George Papandreou. Ilipokagua vitabu, ikatangaza kwamba pengo la bajeti lilikuwa limefichwa: lingepita asilimia 12 ya pato la taifa, ilhali sharti la euro ni lisizidi asilimia 3. Wakopeshaji wakaingiwa na baridi. Mei 2010 nchi za euro na Shirika la Fedha la Kimataifa wakaiahidi Ugiriki mkopo wa euro bilioni 110. Ulikuwa mkopo wa kulipia mikopo, ukiandamana na masharti makali.

Hapa tegeni sikio. Nchi yenye pesa yake ikielemewa, pesa hiyo hushuka thamani. Chumba cha hoteli kisiwani Krete kinabaki na bei ileile ya drakma, lakini mtalii Mjerumani anakiona rahisi, anakuja, na wenyeji wanapata kazi. Petroli na dawa kutoka nje zitapanda bei, na wote wataumia kidogo kidogo. Ugiriki haikuwa tena na drakma ya kushusha, kwa hiyo kilichoshushwa ni mishahara na pensheni. Mwaka 2012 kima cha chini cha mshahara kilikatwa kwa asilimia 22. Kijana wa chini ya miaka 25 alikatwa asilimia 32. Mwaka uliofuata, zaidi ya nusu ya vijana waliotaka kufanya kazi hawakuwa nayo.

Najua mnachotaka kuuliza. Si watoke tu kwenye euro, warudishe drakma yao?

Haya, tujaribu. Tuseme baba anadaiwa na mangi shilingi 100,000. Usiku anaamua kwamba kuanzia kesho nyumba hii inatumia vifuniko vya soda, kifuniko kimoja kwa shilingi elfu moja. Atakayeosha vyombo atalipwa vifuniko. Dada anayekaanga vitumbua atapokea vifuniko. Ndani ya nyumba mambo yatakwenda. Asubuhi mnapeleka vifuniko dukani kununua mchele. Mangi anavigeuzageuza, anacheka: "Hivi, viwili kwa elfu." Kisha anafunua daftari, na daftari limeandikwa shilingi. Jana deni lilikuwa vifuniko 100. Leo ni 200.

Na je, siri ya baba ikivuja usiku ule? Kila mwenye shilingi ndani ya nyumba atazikimbiza kwa jirani kabla hazijageuzwa vifuniko. Sasa mmezielewa zile foleni za Athens.

Msidhani kwamba wanaotoka hufa wote. Argentina iliifunga peso yake kwa dola, peso moja kwa dola moja, tangu 1991. Mwishoni mwa 2001 ilizuia watu kuchota akiba zao, ikasimamisha kulipa madeni, kisha ikaifungua peso. Katikati ya 2002 dola moja ilikaribia peso nne, na zaidi ya nusu ya wananchi wakawa maskini. Lakini kuanzia 2003 uchumi uliinuka kwa kasi. Walimeza shubiri yote siku moja. Wagiriki waliinywa kijiko kijiko kwa miaka.

Tarehe 5 Julai 2015, Wagiriki walipiga kura juu ya masharti ya wakopeshaji, na asilimia 61 wakasema hapana. Wiki moja tu baadaye, waziri mkuu Alexis Tsipras alikesha mezani Brussels, na asubuhi akakubali masharti mapya ili nchi ibaki na euro. Wengine walimwita msaliti. Mimi nadhani alikuwa amelitazama daftari la mangi. Wananchi wake walikataa masharti, lakini wengi wao hawakutaka kuipoteza euro.

Dawa ya deni ni kulipa, wahenga walisema. Ila mangi aliyemkopesha mtu huku akijua hana uwezo naye ana sehemu yake ya lawama. Mwaka 2012 wakopeshaji binafsi walifuta zaidi ya nusu ya walichoidai Ugiriki. Kwa maoni yangu walichelewa, maana wengine walikuwa wameshalipwa na kuondoka. Kubadilisha pesa hakufuti daftari. Kinacholipunguza ni anayedai na anayedaiwa kukaa chini na kugawana hasara.

Kwa nini nawasimulia haya? Kenya, Uganda na Tanzania ziliwahi kutumia shilingi moja, zikaachana mwaka 1966, kila moja na yake. Novemba 2013, jijini Kampala, nchi za Afrika Mashariki zilitia saini kurudi kwenye pesa moja. Bado haijaja. Huenda ikaja ninyi mkiwa na mishahara mfukoni. Siku hiyo msiulize tu noti itakuwa na picha ya nani. Ulizeni nyumba moja ikizama, nani atachangia, na mlango wa kutokea uko wapi. Mikataba ya Ulaya haikuwa na mlango wa kutoka kwenye euro bila kutoka Umoja wa Ulaya wenyewe. Wagiriki waliutafuta nyumba ikiwa tayari imejaa moshi.