Uzito Kwanza, Herufi Baadaye

Simama kwenye maegesho ya klabu ya gofu Jumamosi asubuhi, iwe Muthaiga, Lugalo au Kitante, usikilize watu wanavyosifia fimbo walizonunua. Utasikia jina la kampuni, mwaka wa toleo, bei, na jinsi mwenyewe alivyobembeleza mpaka akapunguziwa. Shafti haitajwi. Ikitajwa, inatajwa kwa herufi moja tu: "Nimechukua S." Na maneno hayo hutamkwa kwa sauti ya mtu aliyepandishwa cheo.

Herufi yenyewe imo kwenye utepe mdogo uliobandikwa chini ya gripu. L ndiyo laini kuliko zote, na kwa desturi hupewa wanawake. A ni ya wazee na wanaoanza. R ni ya kawaida. S ni ngumu. X ni ngumu kupindukia. Jambo ambalo utepe hausemi ni kwamba hakuna mamlaka yoyote inayosimamia maana ya herufi hizo. R&A ya St Andrews na USGA ya Marekani, zinazotunga sheria za mchezo huu, hutaka shafti iwe imenyooka na inepe sawasawa upande wowote utakaoigeuzia. Inanepa kiasi gani, hilo haziliingilii. Kila kiwanda kina kipimo chake, na S ya kiwanda kimoja inaweza kuwa laini kuliko R ya jirani yake.

Wachezaji wengi wa huku kwetu hata hawakuichagua hiyo herufi. Fimbo zimeletwa na shemeji kutoka Uingereza, zimenunuliwa kwa mwanachama aliyehamishwa kikazi, au kedi amezirithi kwa bosi aliyenunua seti mpya. Mtu anayenunua kiatu cha mtumba hukagua namba kabla hajatoa hela, lakini mtu huyohuyo atabeba aironi nane zilizopimiwa mwili wa mtu mwingine na kuanza kujilaumu kwamba hajui kupiga. Kwa makedi na chipukizi wanaotafuta kuingia kwenye gofu ya kulipwa, hili ni zaidi ya suala la starehe. Kijana mwenye mikono ya kasi anakulia kwenye shafti nyepesi za mzee mstaafu, na swingi yake inajifunza kujizuia ili mpira usikimbilie kushoto.

Fimbo inapoanza kushuka, mikono huvuta mbele na kichwa cha fimbo hubaki nyuma, kwa hiyo shafti hunepa. Safari nzima ya kushuka huchukua kama robo ya sekunde. Karibu na mpira mambo hugeuka: kichwa kinaipita mikono, shafti inanepa kuelekea mbele, na wakati huohuo ncha ya fimbo inalalia chini kidogo. Mpira hukaa kwenye uso wa fimbo kwa takribani nusu ya elfu moja ya sekunde, halafu umeondoka. Shafti laini mno kwa mpigaji wake hufika pale ikiwa imeinama mbele kupita kiasi, uso wa fimbo ukatazama juu zaidi, na mpira ukapanda na kuelea. Ikiwa ngumu mno, mpira hutoka chini, mara nyingi ukivutikia kulia kwa anayetumia mkono wa kulia, na kiganja hupokea mtetemo unaofika kwenye kiwiko.

Lakini tusiitukuze shafti kuliko inavyostahili. Tofauti ya R na S kwenye aironi namba 7, vitu vingine vyote vikibaki vilevile, ni ndogo kuliko wauzaji wanavyodai. Draiva ni ndefu na ina kasi kubwa, kwa hiyo mnepo huonekana waziwazi. Aironi ni fupi. Kinachoibadilisha aironi mkononi mwa mtu wa kawaida, kabla ya herufi yoyote, ni uzito.

Zamani uamuzi wa herufi haukuwapo. Shafti zilikuwa za mti wa hickory, na mchezaji alizichagua mojamoja kwa kuzitikisa mkononi. Bobby Jones aliyashinda mashindano yote manne makubwa ya wakati wake mwaka 1930 kwa fimbo za mti. Inasimuliwa kwamba seti yake ilipopimwa miaka mingi baadaye, fimbo zote zilionekana kuoana isipokuwa moja, na hiyo ndiyo aliyokuwa akiilalamikia siku zote. Kufikia hapo chuma kilikuwa kimekwisha kubisha hodi: R&A iliruhusu shafti za chuma mwaka 1929, na mwaka 1931 Billy Burke akawa mtu wa kwanza kushinda US Open kwa fimbo za chuma. Grafaiti ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1960, kazi ya mhandisi Frank Thomas katika kampuni ya Shakespeare.

Turudi kwenye uzito. Shafti ya chuma iliyotawala mifuko ya wachezaji wa kulipwa kwa miongo mingi, Dynamic Gold ya True Temper, ina takribani gramu 130. Tiger Woods ametumia aina yake ya X100 kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya gofu, na hapo ndipo balaa lilipoanzia, maana kila aliyemwona kwenye televisheni alitaka chuma kilekile. Wajapani wa Nippon Shaft walikuja na chuma chembamba zaidi, N.S. Pro 950GH, chenye gramu zinazokaribia 100. Grafaiti za aironi zinaanzia gramu 50 na kitu na kupanda hadi zaidi ya 100. Kati ya fimbo mbili zenye herufi ileile ya R, basi, moja inaweza kuizidi nyingine gramu 50, na herufi isikwambie lolote.

Gramu 50 ni kitu gani? Kwenye shimo la kwanza, si kitu. Kwenye shimo la 14, jua likiwa limepanda na miguu imeanza kudai haki yake, ndipo mwili unapokataa. Mabega yanachelewa, mikono inaingia kusaidia, na mipira iliyokuwa ikienda katikati inaanza kupigwa ardhi kwanza. Mchezaji husema swingi imempotea. Swingi haijaenda kokote, fimbo ndiyo imekuwa nzito kwa mtu aliyechoka. Upande wa pili pia una hasara: mwenye nguvu na haraka akipewa shafti nyepesi hapati kitu cha kumtuliza mkono, naye hutawanya mipira kushoto na kulia. Kanuni yangu ni kuchukua shafti nzito kuliko zote ambazo bado unaweza kuzipiga vizuri mwishoni mwa raundi. Ukifanyiwa vipimo, usikubali kuvifanya ukiwa umetoka kuamka. Piga mipira 40 kwanza ndipo mashine iwashwe.

Uzito ukishapatikana, mnepo hutafutwa kwa kasi ya kichwa cha fimbo. Rada za kupimia mpira sasa zipo katika klabu na vyumba vya mazoezi vya miji yetu mikubwa, nazo hutoa jibu kwa maili kwa saa. Kwa aironi namba 7, wapimaji wengi huanza na R kwa mtu wa maili 70 hadi 80, S kati ya 80 na 90, na X kwa anayevuka hapo. Wanaume wa PGA Tour wana wastani wa kama maili 90. Wanawake wa LPGA, ambao wangewachapa wengi wetu bila kutoa jasho, wako kwenye 76. Yaani wanaingia kwenye R. Dada mwenye hendikapu nzuri anayeingia dukani na kukabidhiwa L moja kwa moja, kabla hajapiga hata mpira mmoja, amedhulumiwa, na sijui kwa nini maduka yanaendelea na mtindo huo.

Kasi pekee haitoshi. Hideki Matsuyama, bingwa wa Masters wa 2021, ana nguvu za kutosha kupiga shafti ya X, lakini mfukoni mwake kuna S400. Mtazame: akifika juu husimama kidogo, kisha hushuka taratibu akiongeza mwendo. Mwenye kasi ileile anayerusha mikono kwa papara toka juu atahitaji chuma kigumu zaidi.

Sasa kuna mtego. Majedwali mengi ya kuchagua mnepo hayaulizi kasi, yanauliza umbali: unapiga aironi namba 7 yadi ngapi? Mpaka wa R na S mara nyingi huwekwa karibu na yadi 150. Jedwali hilo limeandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu, hewa yake ni nyepesi kwa kama asilimia 15, na mpira unaotua yadi 145 pale Nyali, Mombasa, unaweza kufika 155 Nairobi kwa pigo lilelile. Mtu mmoja, swingi moja: Mombasa jedwali linampa R, akipanda gari moshi hadi Nairobi, jedwali linampa S.

Ubaya unaongezeka. Katika hewa nyepesi mpira hunyanyuliwa kidogo na mzunguko wake, kwa hiyo hupita chini zaidi na kutua kwa mlalo. Mchezaji wa Nairobi aliyedanganywa na jedwali akachukua shafti ngumu inayoutoa mpira chini, amejiongezea tatizo ambalo mji wenyewe ulikuwa umekwisha kumpa, na grini za Karen zitamfundisha adabu kwa kukataa kuushika mpira wake. Wa pwani, hasa msimu wa kusi, ana sababu halali ya kutaka mpira wa chini. Wa bara hana.

Umbali unadanganya kwa njia nyingine pia. Aironi namba 7 za miongo kadhaa iliyopita zilikuwa na uso uliolala nyuzi 34 au 35. Nyingi za sasa, hasa zinazouzwa kwa ahadi ya kuongeza yadi, ziko chini ya 30. Kwa jina ni namba 7, kwa kazi ni namba 6 au hata 5. Ukitaka jedwali lisikudanganye, litupe, utafute kasi.

Kwa wanaonunua mtumba, ukaguzi si mgumu. Laza aironi zote mezani zikiwa zimepangwa kwa namba, vichwa upande mmoja. Shafti nyingi za chuma zina pingili, zile ngazi ndogo za mduara zinazopungua unene kuelekea chini. Angalia pingili ya kwanza juu ya shingo la kila fimbo: umbali wake ulingane au ubadilike kwa mpangilio toka namba hadi namba. Moja ikiruka, ujue shafti iliwahi kubadilishwa. Soma utepe wa kila moja, usisome wa kwanza tu ukaridhika. Si ajabu kukuta S sita na R mbili ndani ya mfuko mmoja. Kama fimbo zimetoka pwani, chungulia tundu dogo kwenye kitako cha gripu na ukague shingo, kwa sababu chumvi ya bahari hula chuma kutokea ndani. Itikise sikioni. Ikicheza njuga, gundi imepasuka.

Kubadilisha shafti ni kazi ya fundi mwenye subira. Hupasha shingo moto gundi ilegee, huvuta kichwa kwa kunyoosha bila kukipindisha, husafisha tundu, hupaka epoksi na kuiacha ikauke usiku kucha. Kabla ya kuagiza, apime tundu: kuna shafti zenye ncha ya inchi 0.355 na nyingine 0.370, na tofauti hiyo isiyoonekana kwa macho inatosha kukwamisha kazi nzima. Akikutoa kwenye gramu 130 kwenda 95, mwulize kuhusu mizani, yaani jinsi uzito wa kichwa unavyosikika mkononi. Kila gramu 9 zinazopungua kwenye shafti hushusha mizani ya fimbo kwa pointi moja hivi, kwa hiyo D2 yako itakuwa C8 na utajihisi umeshika fimbo isiyo na kichwa. Gramu 8 kichwani huirudisha. Fundi asiyekugusia jambo hili ama amesahau ama hajui.

Kuna ujanja wa bei nafuu pia. Anayeona S ni ngumu kidogo na R ni laini mno anaweza kufungiwa shafti ya namba 6 kwenye kichwa cha namba 7, ya 7 kwenye 8, na kuendelea hivyo. Kila fimbo italainika kiasi, na herufi itabaki S kwa wale wanaojali maegesho.

Wala hulazimiki kuanza na seti nzima. Badilisha namba 7 peke yake, ile unayoitoa mfukoni mara nyingi, ucheze nayo mwezi mmoja kwenye uwanja wako, kwa upepo wako, mpaka mashimo ya mwisho ukiwa umechoka. Ikikataa, umepoteza shafti moja. Na fundi akikwambia ni zote nane au hakuna, mwombe akurudishie mfuko wako.